Maswali ya wasomaji: vifaa vya mwamuzi wa besiboli na uamuzi wa kuingilia mchezo

Nimeanza kuamua mechi za vijana, nikisimama nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira. Fedha hazinitoshi kununua kila kitu kwa mpigo. Nianze na nini?

Usisimame nyuma ya mdakaji mpaka uwe na vitu vinne: barakoa yenye kinga ya koo, kinga ya kifua, kinga ya kinena na vikinga ugoko. Hapo hakuna cha kutangulia na cha kusubiri. Kama bado hujavikamilisha, omba upangwe kwenye besi, na bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji, aachiwe mwenzako. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149, ni mgumu, na gongo likiugusa kidogo tu hubadili njia ukiwa karibu sana nawe kiasi kwamba huna muda wa kukwepa. Viatu vyenye chuma vidoleni vifuate mara fedha zikipatikana.

Kinga ya koo ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mwaka 1976 Steve Yeager, mdakaji wa Los Angeles Dodgers, alikuwa akisubiri zamu yake ya kupiga pale gongo la mwenzake lilipovunjika na vipande vikamchoma shingoni. Mhudumu wa afya wa timu, Bill Buhler, akambunia kibamba cha kuning'inia chini ya barakoa. Leo barakoa nyingi huundwa na kinga hiyo tayari. Yako ikiwa haina, ifungie.

Kinga ya kifua usiijaribu ukiwa umesimama wima. Ivae, kisha inama kama uko kazini, uangalie kama mitulinga yote miwili imefunikwa. Ikiachia nafasi chini ya shingo, fupisha mikanda ya mabegani. Mikanda ya barakoa nayo isikazwe mno: barakoa inatakiwa icheze kidogo inapopigwa, na uweze kuivua kwa mkono mmoja. Mkono huo ni wa kushoto, ule ule ulioshika kihesabio cha bola na straiki, yaani mirusho mibaya na mizuri. Vuta mbele kwanza, halafu juu, kofia ibaki kichwani. Mkono wa kulia uwe huru kwa ishara.

Nasisitiza vifaa kwa sababu mwamuzi anayeuogopa mpira hufumba macho pale pale anapotakiwa kuona. Maswali mengi yanayofuata yanahusu matukio ya sekunde moja, na aliyefumba macho hana la kuamua.

Barakoa ya kawaida au ile ya mtindo wa helmeti?

Zote zinafaa. Ya helmeti, ambayo mdakaji Charlie O'Brien wa Toronto Blue Jays aliingia nayo katika ligi kuu mwaka 1996, hukinga pande za kichwa vizuri zaidi. Ya kawaida huvuliwa upesi. Lakini ukipigwa barakoani ukasikia kizunguzungu, toka uwanjani umwone daktari. Mechi aimalizie mwingine.

Mkimbiaji aligongana na mlinzi, yaani mchezaji wa timu inayodaka, aliyekuwa akiufuata mpira uliopigwa. Nikamtoa mkimbiaji. Kocha wake akaja juu: "Hakukusudia!" Nilikosea?

Hukukosea. Kwa mpira uliopigwa, mlinzi anayeucheza ana haki ya njia yake, na ni kazi ya mkimbiaji kumpisha. Nia haiulizwi. Hata kugusana si lazima. Mkimbiaji akimfanya mlinzi asite au azunguke, amekwisha kuingilia. Anayelindwa ni mlinzi mmoja tu, yule unayemwona ana nafasi nzuri zaidi ya kuucheza mpira. Wengine wakisimama njiani bila mpira, wao ndio wanaomzuia mkimbiaji, na hilo ni kosa jingine lenye adhabu yake.

Ukiona, tamka hapo hapo. Inua mikono, paza sauti "Taimu!", elekeza kidole palipotokea kosa, useme "Kuingilia!", kisha mtoe mkimbiaji. Mpira umekufa, yaani mchezo umesimama. Kwa kawaida mpigaji hupewa besi ya kwanza, na wakimbiaji wengine hurudi kwenye besi walizokuwa wamezifikia kosa lilipotokea, isipokuwa anayelazimika kusogea kumpisha mpigaji. Kama mkimbiaji aliingilia kwa makusudi ili kuvunja nafasi ya kutolewa watu wawili, watoe wote wawili, yeye na mpigaji. Hapo tu ndipo nia inakuwa na uzito.

Mei 2024 kule Chicago, White Sox wakiwa nyuma 8-6 dhidi ya Baltimore Orioles, mpira ulipaa juu ya uwanja wa ndani na mpigaji akatangazwa ametolewa kwa kanuni ya mpira wa juu, inayomtoa hata kabla mpira haujadakwa. Andrew Vaughn, akirudi besi ya pili, alikuwa kwenye njia ya Gunnar Henderson aliyeufuata mpira. Henderson aliudaka hata hivyo. Vaughn naye akatolewa kwa kuingilia, na mechi ikaishia hapo. Watu wengi walikasirika. Mimi naelewa hasira yao, ila kanuni haisemi kwamba mlinzi akifaulu kudaka, kosa linafutika.

Na mpira uliorushwa na mlinzi ukimgonga mkimbiaji?

Hapa mambo yanageuka: lazima awe amekusudia. Mkimbiaji anayekwenda zake akapigwa mgongoni hana kosa, mchezo unaendelea. Tazama mwili wake: je, mkono, bega au nyonga vimeufuata mpira? Ubishi mkubwa zaidi wa aina hii ni wa fainali za ligi kuu ya Marekani za mwaka 1978, mechi ya nne. Reggie Jackson wa New York Yankees, aliyekuwa amekwisha kutolewa, alisimama kati ya besi ya kwanza na ya pili, na mpira ukamgonga nyonga. Waamuzi hawakuona kuingilia. Ninavyotazama mimi, nyonga ile ilisogea kuufuata mpira, nami ningeamua kinyume.

Njia ya mkimbiaji kuelekea besi ya kwanza inanichanganya.

Nusu ya pili ya safari hiyo, takriban mita 13.7 za mwisho, ina njia yake iliyochorwa kando ya mstari wa besi ya kwanza. Akikimbia nje yake na kumsumbua mlinzi anayepokea mpira besi ya kwanza, anatolewa. Lazima mpira uwe umerushwa, na uwe unaweza kudakwa. Mwaka 2019, mechi ya sita ya fainali, Trea Turner wa Washington alitolewa hivyo kwa kukimbilia upande wa ndani wa mstari. Kocha wake Dave Martinez alibisha mpaka akafukuzwa. Tangu 2024 ligi kuu ya Marekani imeipanua njia hiyo ihusishe udongo ulio kati ya mstari na majani. Ligi yako huenda inatumia kipimo cha zamani, kwa hiyo uliza kabla ya mechi.

Mdakaji alitaka kurusha mpira ili atolewe mwizi wa besi, yaani mkimbiaji anayejaribu kuifikia besi inayofuata bila mpira kupigwa, mkono wake ukanigonga barakoa. Nifanye nini?

Umeingilia wewe. Acha kwanza mpira ufike. Kama mrusho huo umemtoa mkimbiaji, uamuzi unabaki. Kama haukumtoa, mpira umekufa, na wakimbiaji warudi walikotoka. Kisha sogea nyuma kidogo kabla ya mrusho unaofuata.