Unene wangu ndio nguvu zangu?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 52, nauza vitumbua na maharage ya nazi hapa Ngamiani, Tanga. Uzito wangu ni kilo 94. Tangu usichana nasifiwa nguvu: mfuko wa mchele wa kilo 25 nautoa soko la Mgandini na kuupakia kwenye bajaji bila kuita kijana. Ila mwaka huu kuinuka kwenye kigoda nikimaliza kukaanga kumekuwa kazi, na nikipanda basi la Muheza mpaka kondakta anivute mkono. Wifi yangu akaniambia nipungue. Nikashinda na maji ya ndimu na matango wiki tatu, kilo 6 zikaondoka, lakini miguu ikawa inatetemeka. Niliporudi kula, zote zikarudi. Mume wangu anasema niachane na hayo, unene wangu ndio nguvu zangu, nikikonda nitaanguka. Nimsikilize nani?
Muuza vitumbua, Ngamiani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shemeji ana chembe ya ukweli, na wifi naye ana yake, lakini ukimfuata yeyote kati yao mpaka mwisho utaumia.

Nianze na shemeji. Mtu mwenye mwili mkubwa anabeba mzigo kila anaposimama, anapotembea, anapopanda ngazi. Misuli ya mapaja na vigimbi inazoea mzigo huo na kujengeka. Ndiyo maana watu wazima wanene wakipimwa nguvu za miguu, mara nyingi wanasukuma kilo nyingi kuliko wembamba wa umri wao. Mikononi tofauti hiyo huwa ndogo au haipo kabisa, kwa sababu mikono haiubebi mwili. Kwa hiyo nguvu zako ni za kweli, usikubali mtu akwambie unajidanganya. Lakini zimetoka kwenye misuli. Mafuta hayavuti wala hayasukumi chochote. Kazi yao ni akiba.

Sasa tazama hesabu inavyogeuka. Mfuko wa mchele ni kilo 25. Kupanda ngazi ya basi ni kuuinua mwili wako karibu wote, kilo 94, kwa mguu mmoja. Tuseme mwanamke wa kilo 60 ana nguvu za kusukuma kilo 60 kwa miguu, na wewe unasukuma 75. Umemzidi kwa kilo 15. Ila yeye ana kilo moja ya nguvu kwa kila kilo ya mwili wake, na wewe huifikishi hata 0.8. Yeye atapanda basi huku anaongea na simu. Mfuko unakusifu, basi linakuumbua, na vyote viwili vinasema kweli.

Kuna jambo la pili, nalo halionekani kwa macho. Mafuta hayakai chini ya ngozi na tumboni tu. Miaka inavyokwenda, hasa kwa asiyeitumikisha misuli, yanapenya katikati ya nyuzi za misuli yenyewe, kama nyama ya buchani yenye mistari myeupe ndani. Paja linaweza kubaki nene vilevile, ukalishika ukaona limejaa, kumbe sehemu inayofanya kazi imepungua. Mafuta ya tumboni nayo yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani mwilini na kuifanya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ishindwe kufanya kazi yake sawasawa, na misuli inakuwa mizito kujijenga.

Umri nao umeingia. Kuanzia miaka ya thelathini tunapoteza misuli polepole, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Kwa sisi wanawake, hedhi inapokaribia kukoma homoni ya kike ya estrojeni inashuka, mafuta yanahamia tumboni na misuli inalegea. Hapo ndipo ulipo. Mizani inaweza kusoma 94 mwaka huu na 94 mwaka ujao, huku ndani misuli imetoka na mafuta yameingia. Mtu mnene mwenye misuli iliyopungua anaweza kuwa hatarini zaidi kuliko mwenye tatizo moja tu kati ya hayo.

Hapo ndipo ninapogombana na wifi. Mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Anayepungua kwa kujinyima tu, bila mazoezi, karibu robo ya uzito anaopoteza inaweza kuwa misuli na nyama nyingine isiyo mafuta. Wewe ulikula matango: protini hakuna, mazoezi hakuna. Miguu kutetemeka ilikuwa taarifa. Na uzito ukirudi haraka hivyo, mafuta hurudi kwa wingi kuliko misuli. Ukirudia mchezo huu mara tatu nne utabaki na kilo zilezile na miguu dhaifu zaidi. Nimewaona kina mama wengi wakifika kwenye chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wakiwa hivyo, na inaniuma kila mara, maana walikuwa wanajitahidi kwa dhati.

Basi fanya hivi. Kwanza jipime nyumbani. Chukua kiti cha kawaida kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, inuka usimame wima, kaa tena, mara tano mfululizo kwa haraka unayoiweza, mjukuu akiangalia saa ya simu. Ikizidi sekunde 15, misuli ya miguu ni dhaifu na inataka kazi. Kigoda usikitumie kwa kipimo hiki. Pale magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, na hata kijana anahangaika. Kwa kweli ningependa uinue jiko lako juu ya matofali yaliyotulia vizuri, ukaangie umekaa kwenye stuli.

Kipimo hichohicho ndicho zoezi lako. Siku mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane, inuka na kukaa mara nane mpaka kumi, pumzika dakika mbili, rudia mpaka mizunguko mitatu. Ikikushinda, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Ikiwa rahisi, ondoa mto. Ikizidi kuwa rahisi, shika kidumu cha lita 3 kifuani. Lazima mara mbili za mwisho ziwe ngumu, la sivyo misuli haina sababu ya kukua. Unapoinuka toa pumzi, usiibane, kwa sababu kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Ongeza kusukuma ukuta kwa mikono na kusimamia vidole vya miguu ukiwa umeshika mlango. Siku nyingine tembea kwa mwendo wa kukufanya uheme kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na kuelekea Raskazone jioni upepo ni mzuri.

Usiogope umri. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, wazee wa miaka takriban 90 waliokuwa wakitunzwa kituoni walifanyishwa mazoezi ya uzito kwa wiki nane, na nguvu za mapaja yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wewe una 52.

Chakula: najua asubuhi unaonja vitumbua vyako na chai ya sukari mpaka saa tano. Hiyo ni wanga, mafuta na sukari. Weka bakuli la maharage yako mwenyewe, au dagaa, au yai, kila mlo, na punguza wali na nazi kidogo kidogo. Ukipungua nusu kilo kwa wiki huku ukiinuka kitini kwa urahisi zaidi, uko njiani. Kabla ya kuanza pita hospitali ya Bombo wakupime presha na sukari. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kumuuliza daktari.

SWALI: Dada, mimi ni mwembamba, miaka 34, naendesha bodaboda Chumbageni. Nina kitambi kidogo tu. Haya ya mafuta na nguvu yananihusu?
Kijana wa Chumbageni

JIBU: Yanakuhusu sana, mdogo wangu. Wembamba wa mikono na miguu pamoja na kitambi unaweza kuwa dalili kwamba misuli ni michache na mafuta yamekaa tumboni, mahali pabaya zaidi. Siku nzima uko juu ya pikipiki, injini ndiyo inafanya kazi. Pitisha futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu: mwanaume akivuka sentimita 94 ana sababu ya kuangalia sukari yake. Halafu kwenye fiziotherapia omba kupimwa nguvu za kiganja kwa kile kifaa cha kubana. Mwanaume akishindwa kufika kilo 27 tunamhesabu dhaifu, na kwa umri wako unatakiwa uzipite mbali. Usijinyime kula. Anza na pushapu, na abiria wakichelewa kijiweni, shuka kwenye pikipiki ufanye mkao wa kuchuchumaa na kuinuka.