Shangazi, daktari hanisikilizi na mume wangu anamtetea

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, na ni fundi cherehani mkoani Tanga. Kwa mwaka mzima sasa hedhi yangu imekuwa nzito, inachukua siku nane hadi kumi, na nikisimama muda mrefu kizunguzungu hunishika. Nimekwenda hospitali ya serikali mara tatu kwa daktari yuleyule. Mara ya kwanza alinipa dawa ya maumivu, mara ya pili akasema ni kawaida kwa wanawake wa umri wangu, na mara ya tatu hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta, akaniambia nipunguze mawazo. Ni kijana, sawa na mdogo wangu wa mwisho, na mlango wa chumba chake hauishi kufunguliwa, kwa hiyo sikuweza kumweleza kila kitu. Nataka kuhamia hospitali binafsi ambayo shoga yangu anaisifu, lakini mume wangu amekataa. Anasema kule kadi yetu ya bima haipokelewi, na kwamba nirudi kwa daktari huyo mara moja zaidi, naye atanisindikiza. Mimi naona anabania pesa. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, amenizidishia machungu: amewaambia mawifi zangu kwamba nina safura, kwa sababu aliniona nikitafuna udongo ninaouweka chini ya cherehani. Kichwa kinaniuma karibu kila siku, na bila asprini siwezi kushona. Je, nibadili daktari? Na nifanye nini na watu hawa wasionihurumia?

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mwaka mzima wa kupoteza damu, maana hilo si jambo dogo, na aliyekuambia upunguze mawazo bila kukupima alikukosea. Nalisema hili mapema ili usidhani kwamba maneno yatakayofuata yanamsafisha. Daktari aliyeambiwa kwamba hedhi inapita siku saba, na kwamba mgonjwa anashikwa na kizunguzungu, anapaswa angalau kulifunua kope la chini la jicho aone kama ndani kumepauka, na kumwandikia kipimo cha damu. Swali langu ni kama aliambiwa.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimesimama kwenye maneno uliyoyapitisha haraka, kwamba hukuweza kumweleza kila kitu. Nakisia ulivyokaa: ukingoni mwa kiti, umeukumbatia mkoba, jicho moja likiwa mlangoni kumtazama muuguzi anayeingia na kutoka na mafaili, ukamwambia yule kijana kwamba tumbo linakusumbua ukiwa kwenye siku zako. Sentensi hiyo daktari wa hospitali ya serikali huisikia mara nyingi kabla ya adhuhuri, na wengi wanaoisema hurudi nyumbani na dawa ya maumivu na wakapona. Idadi ya siku hakuisikia. Vitambaa unavyobadilisha usiku, mabonge ya damu kama yapo, udongo unaoutafuna na asprini unayomeza kila siku, hayo yote umeniandikia mimi nisiyekuona, au umeyaacha kabisa, na yeye aliyekuwa na kalamu ya kukuandikia kipimo hukumwambia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hawakuwa wakizungumzia uzazi peke yake. Mpiga ramli ndiye anayedai kuijua shida yako kabla hujafungua kinywa. Daktari hana ramli, ana masikio, na masikio hayo yanahitaji maneno.

Sasa nije kwa mama mkwe wako, ambaye umemweka mwishoni mwa barua kama kero, na ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyekutazama kwa makini. Umeumia aliposema una safura, kwa kuwa umelisikia kama tusi la uchafu na umaskini. Neno hilo ni la kale katika pwani yetu, na wazee walilitumia kwa mtu aliyepungukiwa damu, aliyevimba miguu na kutamani udongo, hali ambayo mara nyingi huletwa na minyoo inayonyonya damu utumboni. Livingstone alilisikia zaidi ya miaka 150 iliyopita na akaandika kwamba safura ya Zanzibar ni ugonjwa wa kula udongo, na kwamba huwapata hata matajiri wenye chakula tele. Leo wataalamu wanakubali kwamba hamu ya kutafuna udongo, barafu au mchele mbichi kwa mtu asiye mjamzito huenda sambamba na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Kwa hiyo bibi huyo, bila kompyuta wala maabara, alikuona unatafuna udongo akatambua kwamba damu yako imepungua. Alikosea kuwatangazia mawifi zako, na hilo una haki ya kumwambia kwa adabu mkiwa wawili. Ila katika jambo lenyewe nadhani yuko karibu na ukweli kuliko daktari wako, na kuliko wewe.

Kuhusu mume wako sitakuficha: niko upande wake. Umeandika kwamba anabania pesa, kisha katika mistari hiyohiyo umeandika kwamba amejitolea kukusindikiza. Mwanamume anayeacha shughuli zake asubuhi, akakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje kungoja jina la mkewe liitwe, hajabana kitu. Ametoa kile ambacho wanaume wengi wa mji wowote hawakitoi. Hofu yake kuhusu bima nayo ina msingi. Mwezi Machi mwaka 2024 hospitali kadhaa binafsi nchini zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sababu ya mvutano wa bei, na watu waliokuwa na kadi mkononi walijikuta wakitafuta fedha taslimu. Hospitali ya shoga yako, ambayo hata katika siku za kawaida haiipokei kadi yenu, itawatoza kumwona daktari, itawatoza kila kipimo, na ikibainika una jambo linalohitaji matibabu ya miezi sita, mtaishiwa katikati ya njia na kurudi kulekule mlikotoka. Shoga yako anaisifu kwa sababu alipokewa vizuri. Mimi pia napenda kupokewa vizuri, lakini hujaniandikia kwamba alikuwa na ugonjwa kama wako, wala kwamba alipona.

Hapo ndipo ninapowaona wanawake wengi wanaoniandikia siku hizi, wenye ujasiri wa kumhama daktari, kuhama nyumba, hata kumwacha mume, na wasio na ujasiri wa kutamka neno hedhi mbele ya kijana aliyesomea kulisikia. Nawaelewa, kwa sababu tulilelewa hivyo, na mama zetu walizianika nguo zao za ndani chini ya kanga ili baba asizione. Lakini aibu hiyo utaibeba hadi kwa daktari wa pili na wa tatu. Utalipa, utakaa ukingoni mwa kiti kilekile, utasema tumbo linakusumbua, na utapewa dawa ileile ya maumivu, safari hii ikiwa ndani ya bahasha nzuri.

Basi rudi kwa daktari huyo mara moja, na mumeo akiwa nawe. Kabla ya kwenda, chukua daftari unaloandikia vipimo vya wateja wako, ugeuze ukurasa wa mwisho, uandike hedhi ilianza kuwa nzito mwezi gani, inachukua siku ngapi, unabadilisha pedi mara ngapi mchana na mara ngapi usiku, kama unaona mabonge na ukubwa wake, kama damu hutoka pia katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa zote unazomeza, zikiwemo za majani ikiwa zipo, na udongo. Wewe unayekumbuka upana wa mabega ya kila mteja hushindwi na hili. Ukiingia, omba mlango ufungwe. Kama unahitaji muuguzi wa kike awepo wakati wa kuchunguzwa, liseme, kwa sababu ombi hilo ni la kawaida hospitalini na halimvunjii daktari heshima. Kisha mpe daftari alisome mwenyewe, ili maneno yanayokwama kooni mwako yamfikie kwa njia ya karatasi.

Akishamaliza kusoma, muulize kwa utulivu mambo mawili: damu yangu ni ngapi, na damu hii inatoka kwa sababu gani? La kwanza hujibiwa na kipimo kidogo cha maabara. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito ana upungufu ikiwa kipimo chake cha wingi wa damu (himoglobini) kiko chini ya gramu 12 kwa desilita, na chini ya 8 upungufu huo ni mkali. La pili huhitaji kwanza kuhakikisha kwamba huna mimba, kisha uchunguzi wa mwili na picha ya altrasaundi kutazama kizazi, kwa kuwa katika umri wako uvimbe wa kizazi ni jambo la kawaida sana, hasa kwa wanawake weusi, na mara nyingi sana si saratani. Mimi si daktari na siwezi kusema unaumwa nini. Najua tu kwamba mwaka mmoja umepita bila maswali haya mawili kujibiwa, na mwaka wa pili haupaswi kupita hivyo.

Asprini iache leo, isipokuwa kama daktari alikuandikia kwa sababu nyingine ambayo hukunitajia, maana dawa hiyo hupunguza uwezo wa damu kuganda, na mwanamke mwenye hedhi kama yako anapoimeza kila siku huenda anaongeza kile anachokilalamikia. Hata maumivu ya kichwa yenyewe yanaweza kuwa yanatokana na upungufu wa damu. Ukiandikiwa vidonge vya kuongeza damu, usivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na usiogope ukiona choo kimekuwa cheusi.

Na ikiwa kijana huyo, baada ya kulisoma daftari na kuulizwa mbele ya mumeo, bado atakuambia upunguze mawazo bila kukuandikia hata kipimo kimoja, hapo muhame siku hiyohiyo, nami sitakuwa na neno la kumtetea, wala mumeo hatakuwa nalo, kwa kuwa atakuwa ameona kwa macho yake. Hiyo ndiyo faida ya kwenda naye ambayo hukuiona. Usiondoke kwa hasira ukaiacha nyuma historia yako. Nendeni kwa mganga mfawidhi wa hospitali, mmweleze mlivyopokewa, mwombe upangiwe daktari mwingine au uandikiwe barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, na mchukue nakala ya kila kilichoandikwa na kila jibu la kipimo. Kumhama daktari namna hii kadi ya bima inakusaidia, na daktari mpya anaanzia pale wa kwanza alipoishia. Akikutukana au kukudhalilisha, hilo ni shauri jingine, na Baraza la Madaktari Tanganyika lipo kwa ajili ya mashauri ya namna hiyo. Lakini kwa haraka na uzembe wa kutouliza, mlango wa mganga mfawidhi unatosha.

Iwapo atabadilika, na nimewaona madaktari wengi vijana wakibadilika mara mgonjwa anapoongea waziwazi, usione haya kubaki naye. Hujashindwa kwa kubaki. Kilichokupeleka pale ni damu, na kama damu itapimwa na kutibiwa, haidhuru kwamba yule aliyeitibu aliwahi kukuudhi.

Jambo moja halingoji daftari wala siku ya mume kupata nafasi. Ukiona pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja, saa baada ya saa, au ukianguka, au moyo ukikuenda mbio hata ukiwa umekaa na pumzi ikawa fupi, nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo, mchana au usiku, hospitali yoyote iliyo karibu, na suala la nani abaniaye pesa litazungumzwa ukishapata nafuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kusoma habari zako kutoka kwa mtu mwingine.

Leo jioni, watoto wakishalala, utoe udongo ulio chini ya cherehani, umpelekee mama mkwe chumbani kwake umkabidhi mkononi, na umuulize ni kitu gani kingine alichokiona kwako mwaka huu ambacho hakupata nafasi ya kukuambia. Atakayokujibu, yaandike kwenye ukurasa uleule wa daftari.