Vita vya Msumbiji viliangushaje serikali ya Lisbon?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, Mtwara. Babu yangu husema FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ndiyo iliyomtoa Mreno. Nimesoma pengine kwamba Mreno aliondoka kwa sababu wanajeshi wake walipindua serikali kwao, Aprili 1974. Nani yuko sahihi? Na vita vya porini viliwezaje kuangusha serikali ya Ulaya?

JIBU: Marahaba. Jambo ni moja, ila kila mmoja kalishika upande wake. Ukitaka kuona pande hizo zinapoungana, watazame makapteni.

Ureno, nchi ya watu wasiofika milioni 10, ilikuwa vitani Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963 na Msumbiji tangu Septemba 25, 1964, FRELIMO iliposhambulia kituo cha Chai, Cabo Delgado. Vita vitatu kwa mpigo! Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga aliteka kambi kubwa za FRELIMO kaskazini, lakini wapiganaji walikuwa na Nachingwea, huku Tanzania, ya kufanyia mafunzo na mto Ruvuma wa mpakani wa kuvuka, na vita vikazidi kupamba moto upande wa Tete.

Sasa, anayeongoza kombania porini ni kapteni. Akimaliza zamu yake ya takriban miaka miwili anarudi nyumbani, anapumua kidogo, kisha anapangiwa tena. Wapo waliokwenda mara tatu. Vijana wakaacha kuomba nafasi katika chuo cha kijeshi, na maelfu wakatorokea Ufaransa wasiitwe jeshini. Pengo likazibwa kwa maofisa wa muda, walioitwa kwa lazima, wengi wao wakitoka vyuo vikuu ambako udikteta ulikuwa umeshachokwa.

Julai 1973 serikali ikatoa amri kwamba ofisa wa muda akipita kozi fupi ataingizwa katika jeshi la kudumu, na miaka yake ya nyuma itahesabiwa katika ukongwe wa kazi. Maana yake, kapteni aliyesota miaka mingi angeamka siku moja na kukuta amepitwa cheo na mtu wa kozi ya juzi. Septemba 9 maofisa zaidi ya 100 wakakutana kwa siri shambani, si mbali na Évora. Ajenda yao ilikuwa vyeo. Waandishi wengi hulipita jambo hili haraka kwa kuwa halina ushujaa, lakini kwangu ndiyo kiini cha jibu. Vyeo viliwakutanisha, na walipokutana wakaanza kuzungumza vita. Serikali ikarudi nyuma kuhusu ile amri. Wao hawakutawanyika.

Huko Guinea, makombora ya Kisovieti ya kutungulia ndege yalikuwa yamewanyima Wareno utawala wa anga. Na Januari 1974, mjini Beira, walowezi wa Kireno waliandamana wakalipiga mawe bwalo la maofisa, wakilalamika kwamba jeshi haliwalindi. Fikiria ofisa anayetukanwa na watu aliotumwa kuwafia! Februari Jenerali Spínola, aliyekuwa gavana wa Guinea, akachapisha kitabu kilichosema vita hivyo havimaliziki kwa bunduki. Machi waziri mkuu Caetano akamfukuza kazi.

Usiku wa kuamkia Aprili 25 redio ikapiga wimbo uliopangwa kuwa ishara, na makapteni wale wakaanza mapinduzi. Mpangaji mkuu, Otelo Saraiva de Carvalho, alizaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, na alipigana Guinea. Jioni Caetano akasalimu amri.

Babu yako ana nguvu katika yaliyofuata. Spínola, sasa rais, hakutaka kuyaachia makoloni haraka hivyo, alifikiria shirikisho. FRELIMO ikakataa kusimamisha vita kabla haki ya uhuru haijatambuliwa, na vikosi vingi vya Wareno havikuwa tayari tena kupigana. Mkataba ukatiwa saini Lusaka Septemba 7, 1974, na bendera ya Ureno ikateremshwa Juni 25, 1975.