Viongezwa vya Chakula na Kinga ya Mwili: Mambo ya Kuangalia Kwenye Lebo

Anayetaka kuimarisha kinga ya mwili mara nyingi hukimbilia vidonge, ilhali sehemu kubwa ya seli za kinga imo kwenye kuta za utumbo. Kinachozitenga na bakteria wa tumboni ni tabaka la ute. Tabaka hilo likiwa imara, seli hizo hutulia. Likichakaa, bakteria huusogelea ukuta, na mwili hubaki na uvimbe wa chinichini usiokwisha, yaani kinga inayopambana bila kupumzika.

Ndiyo maana tunashauri uanze na emalsifaya, yaani viongezwa vinavyozuia mafuta na maji visitengane kwenye aiskrimu, sosi na mikate ya viwandani. Kwenye lebo, kiongezwa huweza kuandikwa kwa herufi E na namba yake; vya kuangalia zaidi ni E466 (kaboksimethili selulosi) na E433 (polisobeti 80). Mwaka 2015 watafiti waliwapa panya viongezwa hivyo, na ute wao ukawa mwembamba, bakteria wakapenya karibu na ukuta. Mwaka 2022 watu wenye afya walipewa gramu 15 za E466 kwa siku kwa muda wa siku 11, na aina za bakteria wao zikapungua. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko anachokula mtu wa kawaida, kwa hiyo aiskrimu ya mara mojamoja isikutie hofu. Angalia kile unacholeta mezani kila siku.

Viambato hupangwa kwenye lebo kuanzia kilicho kizito zaidi, na viongezwa karibu daima huangukia mwishoni. Usidanganyike na nafasi hiyo. Hesabu ni bidhaa ngapi za siku yako zina namba ileile, kisha anza kubadilisha ile unayoila mara nyingi zaidi. Wala usiogope kila E: E300 ni vitamini C, na E440 ni pektini, nyuzinyuzi za matunda.

Chumvi nayo ina mkono wake. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa chumvi nyingi hupunguza bakteria aina ya laktobasili na kuongeza seli za kinga zinazochochea uvimbe. Lebo ikitaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi: gramu 0.6 za sodiamu ni gramu 1.5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku.

Mwenye pumu aangalie kama lebo inataja salfaiti, vihifadhi vya E220 hadi E228, ajihadhari navyo. Kwa baadhi yao kifua hubana dakika chache tu baada ya kula. Hata macho yanasaidia hapa: aprikoti kavu yenye rangi ya chungwa inayong'aa imetiwa salfa, isiyotiwa huwa ya kahawia.

Kupunguza viongezwa na chumvi peke yake hakutoshi. Bakteria huchachusha nyuzinyuzi na kutengeneza butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo na kusaidia zile seli zinazotuliza kinga. Katika panya walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria waligeukia ute wenyewe wakaula. Lenga angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha dengu zilizopikwa kina takriban gramu 15. Wengi hushindwa kwa sababu wanaruka kutoka kidogo hadi nyingi kwa siku moja, tumbo linajaa gesi, wanaacha. Ongeza kama gramu 5 kila wiki, na maji yaongezeke pia.

Ukitumia vidonge vya zinki, jumlisha vyote pamoja na vile vya vitamini mchanganyiko, maana mara nyingi zinki imo humo pia. Mtu mzima asizidishe miligramu 40 kwa siku bila daktari. Zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia utumbo kufyonza madini ya shaba, na shaba ikipungua mwilini, chembe nyeupe za damu nazo hupungua.