Maswali na Majibu: Nani Anachuja Majina?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanachama aliyeongoza kura za maoni katika jimbo letu ameondolewa na vikao vya juu vya chama, akateuliwa aliyeshika nafasi ya tatu. Sisi wajumbe tulipiga kura za nini?

JIBU: Katika vyama vingi, kanuni huzifanya kura za maoni kuwa ushauri kwa kikao cha uteuzi. Ndiyo maana swali la kwanza linapaswa kuwa nani ana mamlaka ya kuchuja majina, kwa kuwa anayechuja huamua mengi kabla ya mpiga kura kufikiwa. Mwaka 2015, katika kumtafuta mgombea urais wa CCM nchini Tanzania, Kamati Kuu ilibakiza majina matano, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, na Mkutano Mkuu ukamteua John Magufuli. Edward Lowassa, aliyekuwa akitajwa sana, hakuwamo hata katika yale matano, hivyo wajumbe wa Mkutano Mkuu hawakupata nafasi ya kumkubali wala kumkataa. Nchini Uingereza, wabunge wa chama cha Conservative nao huchuja wagombea wa uongozi wa chama hadi wabaki wawili, ambao wanachama humchagua mmoja wao, lakini mchujo huo ni kwa kura ambazo hesabu yake hutangazwa kila raundi. Mwaka 2022 Rishi Sunak aliongoza miongoni mwa wabunge, na wanachama wakamchagua Liz Truss.

Sisemi kwamba mchujo ni dhuluma. Chama kina wajibu wa kumzuia aliyegawa fedha kwa wajumbe, hata kama ameongoza kwa mbali. Kinachoumiza, na kinachovunja vyama, ni jina kukatwa bila sababu kutolewa. Daini kwamba vigezo vitangazwe kabla ya fomu kuchukuliwa, aliyeondolewa aelezwe sababu kwa maandishi, na rufaa yake isisikilizwe na watu walewale waliomkata.

SWALI: Je, taasisi za umma nazo zinaweza kuteua kwa namna hiyo?

JIBU: Hazipaswi, kwa sababu chama ni cha wanachama wake, ilhali ofisi ya umma ni ya raia wote. Nchini Kenya, baada ya Katiba ya 2010, Tume ya Utumishi wa Mahakama iliwasaili hadharani waombaji wa nafasi ya Jaji Mkuu, na mwaka 2011 Willy Mutunga alipendekezwa na kuidhinishwa na Bunge. Usaili wa wazi hauondoi upendeleo wote, lakini huwapa wananchi kitu cha kulinganisha na uamuzi uliotolewa. Kwa nafasi za kawaida, angalia kama sifa zilizotangazwa ndizo zilizotumika, kama msaili mwenye ndugu miongoni mwa waombaji alijiondoa, na kama kila msaili aliandika alama zake kabla ya majadiliano. Mwombaji aliyekosa nafasi aombe kuonyeshwa alama zake. Taasisi iliyofuata utaratibu itakuwa nazo kwenye jalada.