Mgao wa chakula Uingereza uliisha 1954, si 1945

Watu hudhani mgao wa chakula Uingereza, yaani serikali kuweka kikomo cha chakula ambacho kila mtu angeweza kununua, uliisha Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika 1945. Hapana, mgao haukuisha pamoja na vita. Uliendelea hadi tarehe 4 Julai 1954, nyama ilipoachiwa, yaani kuondolewa kwenye mgao, mwisho kabisa. Na hili wengi hawalijui: mkate haukuwekwa kwenye mgao wakati wote wa vita. Uliwekwa Julai 1946, amani ikiwa imesharudi, ukaachiwa Julai 1948. Akina mama waliovumilia miaka yote ya mabomu walikasirika sana, na walikuwa na haki.

Sababu kubwa ni fedha. Nchi ilielemewa na madeni, dola za kununulia chakula Marekani hazikutosha, na ilibidi pia ilishe Wajerumani wa eneo ililokuwa inalitawala. Mafuta ya kula yaliadimika kiasi kwamba serikali ya Uingereza ikaja kulima karanga Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947, mradi ulioshindwa vibaya.

Kwa familia ya kawaida, mgao ulimaanisha gramu kama 57 tu za majani ya chai kwa mtu mzima kwa wiki, na vyakula vingi vya mgao ulivinunua duka ulilojiandikisha, mwenye duka akikata kuponi au kugonga muhuri kwenye kitabu chako. Chai iliachiwa Oktoba 1952, peremende Februari 1953.

Ila si kila chakula kiligawiwa. Samaki, kwa mfano, hawakuwahi kuwa kwenye mgao. Shida ilikuwa bei na foleni, na ukifika dirishani unakuta wamekwisha.