Maswali yenu kuhusu Pattaya: jina lake, wazungu wake na ulimi wa wenyeji

Toka nigusie Pattaya mara ya mwisho maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, nimechagua yale yanayojirudia. Kwa ambaye hakuwepo, Pattaya ni mji wa pwani Thailand, mkoa wa Chonburi, kama kilomita 150 hivi kusini mashariki mwa Bangkok, na wageni wamejaa, siongelei watalii tu, wapo walionunua nyumba wakazeekea hapo hapo. Haya twende.

"Tuanze na jina. Watalii wanasema Pa-TAI-ya, sisi huku tunasema Pa-TA-ya, wenyewe wanasemaje?" (msomaji wa Tanga)

Wenyewe wanasema phat-tha-YAA. Silabi mbili za mwanzo ni fupi na sauti iko juu, halafu ya mwisho unaivuta, sauti inatulia katikati. Sie tunakosea kwa sababu Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, ki-TA-bu, ma-EM-be, kwahiyo ulimi unakimbilia TA wenyewe bila kuuliza, Mthai uzito anaupeleka mwisho kabisa. Ukiweza kuvuta hiyo YAA peke yake tayari umewazidi wageni wengi wanaoishi pale.

Halafu kuna hizo herufi ph na th zinazochanganya watu. Hiyo ph siyo f na hiyo th siyo ile ya thamani. Ni p na t zenye pumzi, unatamka huku unasukuma hewa, ndo maana Phuket siyo Fuket na visiwa vya Phi Phi wenyeji wanaviita Pii Pii. Na hapa watu wa Mombasa nawaonea wivu kabisa, maana Kimvita hiyo pumzi wanayo tangu utotoni, paa la nyumba na paa yule swala kwao ni matamshi mawili tofauti, mtu wa bara anasikia neno moja. Kithai nacho ni hivyo hivyo, pai bila pumzi ni kwenda, phai yenye pumzi ni hatari. Mtu wa Mvita akifundishwa hilo anacheka, atasema mbona hili nalijua.

Na asili ya jina, inavyosimuliwa, ni 1767, wakati Ayutthaya, mji mkuu wao wa zamani, inaanguka mikononi mwa Waburma, kamanda aliyeitwa Phraya Tak, ndiye aliyekuja kuwa mfalme Taksin, alipita maeneo hayo na jeshi lake. Mahali pakaitwa Thap Phraya, jeshi la Phraya, baadae likageuka kidogo kidogo likawa Phatthaya, ambalo pia ni jina la upepo wa kusini magharibi unaovuma mwanzo wa mvua. Yaani mji umebeba jina la upepo, mtu aliyekua na kusi na kaskazi hilo linamgusa.

"Mume wangu Mjerumani ana marafiki wawili wamehamia Pattaya. Mmoja anaisifu kama pepo, mwingine kila siku analalamika mji umeharibika. Nimuamini nani?" (msomaji wa Diani)

Dada yangu, waamini wote wawili ila muulize kila mmoja maswali mawili, alifika lini na pesa yake inatoka wapi.

Nimewasikiliza sana hawa wazee, wale wanaokaa asubuhi na kahawa wanasoma habari za kwao kwenye simu, na nimegundua malalamiko mengi ya "mji umeharibika" chini yake kuna hesabu. Chukua Mwingereza aliyehamia katikati ya miaka ya 2000, pauni moja ilikuwa inampa karibu baht 70, baht ndo pesa ya Thailand, leo inacheza kwenye arobaini na kitu. Juu ya hapo pensheni ya serikali ya Uingereza kwa anayeishi Thailand haipandishwi kila mwaka kama ya aliyebaki nyumbani, inabaki pale pale ilipokuwa siku alipoanza kuipokea huko. Kwahiyo huyu mzee kila mwaka anazidi kuwa maskini taratibu huku jirani yake Mthai anajenga ghorofa, sasa atasema mji ulikuwa mzuri zamani, lazima aseme. Halafu tangu Januari 2024 mamlaka ya kodi ya Thailand imebana, ukikaa siku 180 au zaidi kwa mwaka na ukaingiza nchini kipato cha nje, kinahesabika kwenye kodi hata kama umekichelewesha mwaka mzima, zamani ukichelewesha kilikuwa kinapita. Hilo limewatia watu tumbo joto, ni mada ya kila meza.

Yapo malalamiko ya kweli kabisa lakini. Mvua kubwa ikinyesha maji yanashuka kutoka vilima vya mashariki, yanavuka reli, yanavuka barabara ya Sukhumvit yanakimbilia baharini, na mitaa ya karibu na reli inageuka mto, pikipiki zinazima katikati ya maji. Ufukwe nao uliliwa na mawimbi miaka mingi mpaka serikali ikaongeza mchanga upya. Foleni, kelele za usiku, majengo yanayopanda kila kona, hayo siwezi kumbishia mtu.

Anayeusifu naye ana sababu. Hospitali nzuri zipo karibu, chakula hakikosekani saa yoyote, jua linazamia baharini kwa sababu ufukwe unatazama magharibi ingawa uko pwani ya mashariki ya nchi, na mzungu mzee pale hayuko peke yake. Wajerumani utawakuta sana mtaa wa Naklua, Warusi wengi mtaa wa Jomtien mpaka menyu za mgahawa zimeandikwa Kirusi, Wanorwe wana kanisa lao. Ila hapo hapo ndipo linapoanza jambo linaloniuma. Mtu anaweza kukaa miaka ishirini ndani ya duara la watu wa kwao, anakula mkate wa kwao, fundi wa kwao, daktari anaongea lugha yake, halafu anakwambia kwa uhakika "Wathai wako hivi, Wathai wako vile". Umejuaje kaka, na hata jina la mtaa wako hujui kulitamka? Anaishi mtaa wa Pratumnak, neno lenyewe wenyeji wanatamka phra-tam-nak, nyumba ya kifalme, na hajawahi kujiuliza kwanini dereva hamwelewi mpaka amwonyeshe ramani.

"Kwahiyo ni kweli kwamba Pattaya siyo Thailand halisi? Mtu mmoja aliyekaa huko aliniambia hivyo." (msomaji wa Arusha)

Hilo nalisikia sana na silikubali hata kidogo. Ndiyo, mji huu ulikuzwa na wanajeshi wa Marekani waliokuja kupumzika kuanzia 1959 na wakati wa vita vya Vietnam, kambi ya U-Tapao iko karibu tu, na biashara ya baa ilianzia hapo, hakuna wa kulificha. Lakini kabla yao palikuwa na wavuvi, na wavuvi wapo mpaka leo.

Nenda soko la Lan Pho pale Naklua asubuhi. Naklua yenyewe wanatamka naa-kluea, shamba la chumvi, ndo kazi iliyokuwepo. Utakuta akina mama wamepanga kamba, kaa, kome, ngisi kwenye masinia ya barafu, maji yanatiririka chini hadi kwenye kandambili zako. Unaonyesha kidole kaa unayemtaka unauliza kilo la thao rai, kilo bei gani, anampima mbele yako, kisha unabeba mfuko wako hatua chache tu mpaka kwa mama mwenye jiko la mkaa, anakuchomea kwa malipo kidogo, anakupa na kibakuli cha pilipili na ndimu inayokutoa machozi, unaenda kukaa kwenye mkeka pembeni ya bahari pamoja na familia za Kithai zilizotoka Bangkok wikiendi, bibi, wajukuu, wote wanamenya kamba kwa mikono. Anayesema hiyo siyo Thailand hajawahi kutoka barabara ya ufukweni.

"Nina watoto wawili, naweza kwenda nao au nitaaibika?" (msomaji wa Eldoret)

Nenda nao mama. Fikia Jomtien au Naklua, mtaa wa Walking Street na vichochoro vya katikati achana navyo usiku. Boti za kwenda kisiwa cha Ko Lan zinaondoka gati ya Bali Hai na maji ya kule ni meupe kuliko ya mjini. Na wapeleke wakaone Sanctuary of Truth, jengo lote la mbao limechongwa kila sehemu, walianza kulijenga 1981 na mpaka leo mafundi wanachonga, watoto watawaona wakiwa na patasi mkononi.

"Mi naenda Bangkok kufuata nguo na safari hii nataka nipumzike Pattaya siku chache. Kithai kina toni, nasikia ukikosea unatukana mtu. Nisaidie." (msomaji wa Kariakoo)

Usiogope, watu wale ni wavumilivu. Toni ziko tano na kweli zinabadilisha maana. Mfano utakaokutana nao siku ya kwanza ni klai. Ukiisema sauti imelala sawa, ni mbali. Ukiisema inaanzia juu inadondoka, ni karibu. Sasa muulize bodaboda kama ni karibu au mbali! Dawa yake usitumie neno moja, mwambie mai klai, siyo mbali, au taja mahali penyewe. Na nyingine, suai yenye sauti inayopanda ni mrembo, suai iliyolala ni mkosi, kwahiyo ukitaka kumsifu dada wa watu pandisha sauti mwishoni kama unauliza swali.

Faida yetu ipo kwenye ng'. Mzungu anahangaika wiki nzima kuanza neno na hiyo sauti, wewe umeinywa na maziwa. Ng'aan ni kazi, ng'uu ni nyoka, tamka kama ng'ombe umemaliza. Tabu yetu iko mwishoni mwa neno, tunapenda kubandika irabu, Phuketi, Bangkoki. Kata hapo hapo, ulimi ubaki umeziba, hewa isitoke.

Kumalizia sentensi mwanaume sema khrap, mwanamke sema kha, hiyo ndo heshima yao. Na watu waite kwa umri kama unavyofanya Kariakoo, aliyekuzidi kidogo ni phii, mdogo ni noong, mama mtu mzima paa, mzee lung. Muuzaji ukimwita paa kabla hujauliza bei, sura inabadilika, utaona mwenyewe.

Usafiri wa mjini ni songthaew, pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, jina lenyewe ni safu mbili. Panda, ukifika bonyeza kengele, shuka, lipa. Kwa miaka mingi nauli ya njia ya kawaida imekuwa baht 10. Usiulize bei kabla ya kupanda maana ukiuliza dereva anaona unataka kukodi gari zima.

"Nilijifunza Kithai kwenye simu, nimefika Pattaya watu wanaongea tofauti kabisa, r zote wanasema l. Tatizo ni mimi?" (msomaji wa Muscat)

Hapana ndugu. Kithai cha mtaani r inakuwa l, aroi ya chakula kitamu inakuwa aloi, farang ya mzungu inakuwa falang, hata khrap inabaki khap. Redioni watasoma r vizuri, sokoni hamna. Sisi tuna watu wetu wanaobadilishana l na r kwahiyo sikio litazoea haraka.

La pili ambalo wengi hawalijui, watu wengi unaoongea nao Pattaya hawatoki Pattaya. Wahudumu wa hoteli, madereva, wapishi wa barabarani, wanaokanda mwili, wengi wao wametoka Isan, kaskazini mashariki, kwenye ardhi ya kichanga na mpunga wa kutegemea mvua, na lugha yao ya nyumbani iko karibu na Kilao. Kwao r inaweza kuwa h, rak ya kupenda inakuwa hak. Hapana hawasemi mai, wanasema bo. Ukila somtam, saladi ya papai bichi, ya yule mama wa pembeni usimwambie aroi, mwambie saep lai, tamu sana kwa kwao, atakuongezea kijiko. Kila katikati ya Aprili, Songkran, mwaka mpya wao, wengi wanapanda mabasi kurudi kwao, na mabanda mengi ya migahawa midogo yanabaki yamefungwa.

"Wanatuitaje sisi weusi? Falang?" (msomaji wa Kampala)

Falang ni mzungu. Wewe ni khon aefrika, mtu wa Afrika, hilo ni neno la kawaida halina tusi. Watoto watakushangaa, tabasamu tu.

"Nikistaafu naweza kuhamia huko?" (msomaji wa Minneapolis)

Ukiwa na miaka 50 na kuendelea unaweza kuomba kukaa kwa kustaafu, wanataka baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na kila siku 90 unaripoti unakoishi. Ardhi mgeni hamiliki, kondo anaruhusiwa ila wageni wote pamoja hawavuki asilimia 49 ya jengo. Kabla hujauza chochote huko Marekani nenda ukapange mwezi wa tisa au wa kumi, kipindi cha mvua, mtaa wa karibu na reli uone maji yanavyopita, na ukishuka uwanja wa ndege Suvarnabhumi ujue wenyeji wanauita su-wan-na-PHUUM, v yao ni w na hiyo i ya mwisho haisomwi, utauliza basi la Pattaya na watakuelewa.